Umeipa Maji?

Nianze na sifa zake, maana gari lenyewe halijanikosea chochote. Ni la kijivu, fupi, limeinuka kutoka ardhini kiasi cha kupita juu ya mawe ya njia ya Bugwema bila kukwaruza tumbo. Hapa Musoma tunayaita magari ya juu, ingawa hili si la juu kihivyo. Ni la familia, si la msafara wa viongozi. Lina viti vitano. Nyuma linabeba magunia mawili ya mihogo mikavu, ndoo ya dagaa na mabegi ya shule ya watoto wangu wote watatu, na mlango unafunga bila kuusukuma kwa goti. Mafuta linakunywa kwa adabu. Kwenye lami ya kwenda Bunda linatulia hata upepo wa ziwa ukilipiga ubavuni. Kasoro zake nazo nazijua: viti vya nyuma vigumu, na honi yake ni nyembamba, inatia aibu mbele ya malori.

Lakini sifa iliyonifanya nilipende ni kiti cha mbele cha abiria. Mama yangu ana magoti mabovu. Bodaboda aliacha kupanda zamani, na kwenye gari la chini akishaingia, kumtoa ni kazi ya watu wawili. Kiti cha gari hili kiko sawa na kiuno chake. Anageuka, anakaa, anaingiza mguu mmoja, halafu wa pili, anajifunga mkanda mwenyewe. Siku ya kwanza alipofanya hivyo bila kushikwa na mtu, machozi yalinijia nikaona aibu mbele ya watoto, nikajifanya natafuta miwani.

Na kulikuwa na mshale wa joto. Nilikuwa nikiwasha tu, hata asubuhi za baridi za mwezi wa saba pale Buhare tunapoishi, mshale unapanda mpaka katikati na kukaa hapo. Haushuki, haupandi. Niliwatambia walimu wenzangu chumba cha walimu: gari la mwenzenu halijui homa. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Mwanafunzi akinipa jibu bila kuonyesha njia nampiga sifuri, hata jibu likiwa sahihi. Naomba msomaji alikumbuke hilo, ili baadaye anicheke vizuri.

Gari nililinunua kwa kaka yangu. Tumezaliwa wawili tu, yeye wa kwanza. Ana duka la pembejeo Kabasa, pale Bunda: dawa za pamba, mbegu, mabomba ya kunyunyizia. Gari hilo alilitumia miaka mitatu, kisha akasema anataka pikapu ya kubebea mizigo, na kabla ya kumtangazia mtu mwingine alinipigia mimi. Nilifurahi kwamba alinikumbuka.

Mume wangu alitaka lipelekwe kwa fundi kwanza. Yeye kwao ni rasi ya huko ziwani, watu wa mitumbwi. "Sisi kwetu hata mtumbwi wa baba yako mzazi unaugongagonga chini kabla ya kuuchukua," alisema. "Siyo dharau. Ni maji yale, hayana undugu na mtu."

Nilimkasirikia siku mbili. Yeye hakujua alichokuwa ananiambia nifanye.

Kwetu, watu wa ng'ombe wa upande wa Bunda, sijui koo nyingine, lakini ukoo wetu ng'ombe anayetoka kwa ndugu hakaguliwi. Anasemwa. Mtoaji anasimama mbele ya mashahidi, kashika kamba, anataja kasoro moja moja kwa sauti: huyu anapiga teke ukimkamua upande wa kushoto, huyu chuchu moja imekufa, huyu hapendi mbwa. Akimaliza anaachia kamba. Asichokisema hakipo. Mpokeaji akithubutu kumfungua ng'ombe mdomo aone meno, amemwita ndugu yake mwizi, na hapo hata chakula kilichopikwa hakiliwi. Marehemu baba aliwahi kupewa ng'ombe na binamu yake, na keshokutwa yake tukamwona yule binamu anaingia uani, vumbi mpaka magotini, katembea nusu siku. Alikuja kusema alisahau jambo: ng'ombe anaogopa radi. Akanywa uji, akarudi kwake. Baba aliicheka hadithi hiyo mpaka anakufa, lakini alikuwa anaicheka kwa kujivunia.

Basi gari lilisemwa. Tulikutana kwa mama, Bugwema, Jumamosi mchana baada ya chakula. Alikuwepo baba mdogo, alikuwepo jirani mmoja mzee wa kanisa, alikuwepo mume wangu ambaye alikaa pembeni kama aliyeletwa kwa wito wa polisi. Kaka alishika ufunguo kwa kile kikamba chake cha ngozi, akausimamisha mbele yangu.

"Kioo cha nyuma kushoto hakishuki," alisema. "Redio yake inaongea Kijapani, stesheni za kwetu haikamati. Taa ya kwenye buti ilishakufa. Na la nne," akauchezesha ufunguo, "inapendaga sana kupelekwa sheli."

Tulicheka wote. Baba mdogo alipiga mapaja. Nakumbuka mama hakucheka. Alikuwa anaangalia miguu yake, nami nikadhani ni magoti. Kaka aliachia kikamba, ufunguo ukaniangukia mkononi, bado una joto la mkono wake.

Ilipita karibu miezi minane. Nitasema ukweli, ilikuwa miezi mizuri. Kila Jumamosi nilimfuata mama Bugwema, nikamleta kliniki au kanisani au nyumbani tu akae na wajukuu. Na kila alipojifunga mkanda aliniuliza swali lile lile.

"Umeipa maji?"

Watoto waliliigiza swali hilo nyumba nzima. Mkubwa akitoka kwenda shule, mdogo anamuuliza kwa sauti ya bibi, "Umeipa maji?" Nilidhani mama analichukulia gari kama ng'ombe, kwamba kiumbe kilichotembea umbali ule hakiwezi kurudi bila kunyweshwa. Nilimjibu, "Imekunywa, mama," bila hata kufungua boneti. Wakati mwingine aling'ang'ania, nikashuka, nikamwaga chupa mbili kwenye kile kitenki cha maji ili tuondoke. Yalikuwa yanaingia yote. Mwalimu wa hesabu sikujiuliza yale ya wiki iliyopita yamekwenda wapi.

Kisha mama mkubwa akafariki Butiama. Ni dada wa mama, wa tumbo moja, aliyemlea mama baada ya bibi kufa. Mazishi yalipangwa saa nane mchana. Nilimchukua mama Bugwema saa nne asubuhi, amevaa gauni jeusi na kitenge cha umoja wa wanawake wa kanisa, na mapajani ana mfuko wa nailoni wenye sabuni na sukari ya msibani. Aliuliza kuhusu maji. Nikamwambia siku ya leo tusicheleweshane.

Tulifika lami salama. Tuliposhika barabara ya Butiama na kuanza kupanda, nilisikia harufu tamu, kama ya sukari iliyoungulia sufuriani. Nikaangalia mshale. Katikati. Nikaendelea. Mbele kidogo moshi mweupe ukaanza kutoka pembeni ya boneti.

"Zima, mwanangu," mama alisema.

"Haijachemsha, mama. Mshale uko sawa."

"Zima."

Alilisema kwa utulivu ambao ulinishangaza kuliko moshi. Nilisimama. Boneti ilikuwa haishikiki. Mshale ulikuwa katikati. Nilikaa nautazama kama mtu anayetazama jibu lililokataa, gari linatoa mvuke kila mahali na huo mshale umetulia pale pale, na sikuelewa.

Tulikaa kando ya barabara ile, mama kakalia jiwe, kitenge kichwani kwa jua. Mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Waliopita walikuwa wamejaa. Mwisho lori la mchanga lilitufunga kamba na kutuvuta taratibu, na tulipoingia msibani saa kumi kasoro, watu walikuwa wameshanawa mikono wanakula. Kaburi lilikuwa limefunikwa, mashada yamepangwa, na msalaba umesimikwa. Mama aliomba asogezwe. Aliokota udongo kiganja kimoja, akaumwaga juu ya ua la plastiki kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kuumwaga. Hakulia. Binti mmoja wa marehemu alimshika mkono akamwambia, "Mama mdogo, tulikungojaga mpaka mchungaji akakataa." Nilitamani ardhi inimeze pamoja na gari langu la juu.

Gari lilipelekwa Musoma kwa fundi mmoja mtu mzima, gereji yake iko nyuma ya ghala. Ni mtu wa maneno machache, anayefuta kila spana kabla ya kuirudisha mahali pake. Alilifungua asubuhi, mchana akaniita.

"Mwalimu, hii injini ilishapasuka zamani," alisema. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi ufa juu ya kile kifuniko kikubwa cha injini, na gundi ya chuma iliyopakwa juu yake, ngumu, ya kijivu. "Hapa palizibwa. Maji yanavuja kidogo kidogo. Ukiiongezea kila siku inakwendaga. Ukisahau, ndiyo hivyo."

"Lakini mshale haukupanda."

Aliingia ndani ya gari, akachomoa dashibodi aliyokwisha kuilegeza, akavuta nyaya mbili zilizosokotwa pamoja na kuzungushiwa utepe mweusi. Waya wa mshale ulikuwa umekatwa kule unakotoka na kuunganishwa na mwingine, ili ukiwasha tu upande katikati na ubaki hapo, liwe linaungua au limepoa.

"Huu siyo uzembe," alisema. "Aliyefunga hapa anaijua kazi. Na mimi namjua. Utepe anauzungushaga hivi, kinyume."

Nilimwomba ampigie. Leo najiuliza kwa nini niliomba, maana nilikuwa nimeshajua. Alimpigia fundi mwenzake wa Bunda, akaweka simu juu ya boneti kwa sauti. Walisalimiana, wakaulizana familia. Kisha akamuuliza kuhusu gari la kijivu.

"Aah, ile ya jamaa wa pembejeo?" sauti ilisema, bila wasiwasi wowote. "Nilimwambia anunue kifuniko kingine, akasema hapana, anaiuza. Akasema nifunge mshale usije ukamsumbua mteja."

Mteja. Nimezaliwa naye tumbo moja. Nilimbeba mwanawe wa kwanza mgongoni likizo nzima mke wake alipokuwa amelazwa. Na siku alipokaa mbele ya fundi kupanga namna ya kunifunga macho, jina alilonipa ni mteja. Kuna maneno makali zaidi katika Kiswahili, lakini mimi sijawahi kutukanwa kama siku ile.

Nilipanda basi kwenda Bunda siku hiyo hiyo. Nilimkuta kaka dukani anampimia mkulima mbegu. Alinisubirisha mpaka mkulima akaondoka, akanivutia kiti, akataka kuniagizia soda. Nikakataa soda. Nikaweka ule utepe mweusi na nyaya zake, nilivyopewa na fundi, juu ya kaunta.

Alivisogeza kwa kidole kimoja. Nilitaka aseme hajui. Kweli kabisa, nilikuwa tayari kuuamini uongo mmoja zaidi, ilimradi auseme vizuri.

"Dada," alisema, "gari siyo ng'ombe. Gari inapelekwagwa kwa fundi. Wewe ni msomi, unajua hilo."

"Uliisema mbele ya baba mdogo. Uliisema redio. Uliisema taa ya buti!"

"Na hizo zilikuwa kweli."

Zilikuwa kweli. Hapo ndipo hasira iliponipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Angenyamaza tu, angeniuzia kama wanavyouziana watu wa mjini, ningemwita tapeli na kwenda zangu. Lakini alichukua desturi ya baba, akachagua kasoro tatu ndogo, akazipanga mbele ili ile kubwa ipate mahali pa kujificha nyuma yake. Alijua sitafungua mdomo wa ng'ombe. Alinijua kuliko mtu yeyote hapa duniani na alikitumia hicho hicho.

Nilisimama. Nikamwambia mama amemkosa dada yake kwa sababu yake. Nilidhani hilo litamvunja. Alikunja tu ule utepe kwa vidole, akasema bila kuniangalia, "Mama alikuwa anajuaga. Mbona yeye hakulalamika?"

Njia ya kutoka Bunda mpaka Bugwema siikumbuki. Nakumbuka nilimkuta mama anamenya mihogo, kanyoosha miguu. Nilibaki nimesimama.

"Mama, ulijua?"

Aliweka kisu chini.

"Nilimsikia anaongea na fundi kwa simu, hapa hapa uani, wiki moja kabla ya siku ile ya ufunguo. Nikamwambia mwambie mwenzako. Akasema ataitengeneza kwanza." Akafuta mikono kwenye kanga. "Nilikuwa nakuulizaga maji. Kila siku nilikuwa nakuuliza maji. Ningesema nini tena?"

"Ungesema imepasuka!"

"Nyie mko wawili tu. Nikisema, nimempoteza mmoja. Nikafikiri ukiipa maji, itatosha."

Nilikaa kwenye kigoda kingine nikachukua kisu cha pili, tukamenya mihogo mpaka sufuria ikajaa. Nilimhurumia na sikumsamehe, vyote kwa wakati mmoja, na mpaka leo sijui vinawezaje kukaa pamoja katika kifua kimoja. Mwanamke huyu alikaa kwenye jiwe kando ya barabara, anajua kwa nini tumesimama, dada yake anashushwa kaburini, naye akaniacha nihangaike na mtandao. Kumlinda mwanawe kulimgharimu kiganja kimoja cha udongo. Mimi kulinigharimu wote wawili.

Gari lilitengenezwa. Mume wangu alilipeleka na kulifuata, na kwa heshima yake hakuwahi kusema neno kuhusu mitumbwi. Siku hizi mshale unafanya kazi yake: asubuhi uko chini, unapanda polepole, mlimani unasogea kidogo, ukiteremka unarudi. Ukinitisha, najua unasema kweli. Akiniuliza mtu leo kama aina hii ya gari inafaa familia, namwambia inafaa sana, na namtajia kila kitu, mpaka gundi.

Ilipofika Desemba mama alituita. Kaka alikuwa ameomba tupatane, na hatupatani kwa maneno matupu. Aliahidi mtamba, ng'ombe jike mdogo ambaye bado hajazaa. Walikuwepo wale wale, baba mdogo na mzee wa kanisa. Wali ulikuwa umeiva, na sato wawili wakubwa, na mama alikuwa kavaa gauni zuri. Magoti yalikuwa yanamsumbua lakini alikataa kukaa.

Kaka alisimama uani na kamba mkononi. Alikuwa amekonda. Mtamba alikuwa mwekundu, na doa jeupe pajani, macho maangavu. Kaka alimsema. Alisema ni mkorofi kidogo kwa watoto. Alisema sikio la kulia lina kovu la kupe. Alisema hana kingine. Hilo la mwisho alilisema akinitazama machoni, na naamini alikuwa anasema kweli. Kisha akaachia kamba.

Niliidaka. Wote walikuwa wananingoja niseme asante ili twende tukale. Mama alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Nikajongea kichwani kwa ng'ombe. Nikamshika pua kwa vidole viwili kama baba alivyonifundisha kwa ng'ombe wa mnadani, wa watu tusiowajua, nikamshusha mdomo wa chini nikaangalia meno.

Mzee wa kanisa alivua kofia, sijui kwa nini. Nilimsikia mama akiburuta miguu kuingia ndani, na mlango ukafungwa. Kaka alibaki pale pale, mkono wake bado umenyooka kama vile kamba imo.

Meno yalikuwa mazima yote. Nikamwachia mdomo, nikainama kuhesabu chuchu.